Ukindu Umelowekwa

Katika Wiki ya Skuli, kila mtoto hupewa ujuzi mmoja na mtu wa nyumbani kwao. Wote wawili huvishwa kofia za waya, na kabla chai haijapoa mtoto anajua. Aliyetoa hajui tena, na hata akifundishwa upya hashiki kitu.

Mimi ni fundi cherehani, na cherehani ndiyo inayotulisha. Kwa hiyo nilimpeleka mama yangu, msusi wa mikeka.

"Ni kuazima tu, mama," nilimwambia njiani. "Wiki ikiisha utarudishiwa."

"Nitamnyima mjukuu wangu?" alisema.

Siku ya kilele, binti yangu Zeyana alisuka ukili wa mkeka jukwaani, vidole vikikimbia. Wazazi walipiga makofi. Mama alimtazama kwa makini, akaninong'oneza, "Kumbe ndivyo nilivyokuwa nikisuka."

Jana mapambo yaliondolewa skuli. Leo mama ameamka mapema, ameloweka ukindu wa kusukia kwenye beseni, akatandika jamvi barazani na kukaa amenyoosha miguu, kama alivyokaa maisha yake yote. Zeyana alipotaka kumsaidia, alimkatalia kwa upole.

"Nenda kacheze. Vidole vyangu vinarudi leo."

Kisha akaniita. Nikasimamisha cherehani.

"Mwanangu, walisema saa ngapi?"

Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, viganja juu, tayari kupokea.

"Alasiri, mama," nilimjibu, nikaendelea kushona.