Tone la Mwisho la Kaka

Nilikuwa namtania dada kwamba bila mimi maabara hii ingefungwa zamani, aliponipokonya kichupa, akasoma lebo.

"Umetia hiki?"

Nilitakiwa kutia kimeng'enya kinachokata uzi mmoja tu wa DNA. Vifuniko vya vichupa vyote ni vya kijani, nami nikatia kile kinachokatakata nyuzi zote mbili, na sampuli ikaharibika.

Lilikuwa tone la mwisho la damu ya kaka. Tulikuwa tunatafuta humo ugonjwa uliomuua, ambao sasa umemlaza wodini mtoto wa dada.

"Tuanze upya," nikasema.

"Kwa damu ya nani, mjanja wewe?"

Dada akavua glavu, kidole kimoja kimoja.

"Tutamfukua kaka. Mama unamwambia wewe, au nimwambie mimi?"