Mkeka wa Mlangoni

Asubuhi Tausi alipotumwa mkate asirudi, macho ya Bi Zubeda yalikuwa bado mekundu. Jana yake, akiwa kwenye kochi na jirani yake, alimlilia mtumwa wa kwenye tamthilia, mwanamke aliyetoroka kisha akarudi kuwakomboa wenzake. Tausi, mtumishi wake wa ndani, alitazama akiwa kwenye mkeka mlangoni, geti likiwa na kufuli kama kila siku.

Baada ya wiki, jirani aliingia akihema.

"Shoga, Tausi wako karudi! Kamtorosha na wa kwangu! Twende polisi."

Bi Zubeda hakuinuka. Alikuwa akiutazama mkeka. Ulikuwa umechakaa mahali pamoja tu, upana wa mtu aliyekunja miguu.

"Au na huyu utamlilia?" jirani alimcheka.

Bi Zubeda alijifunika uso kwa kanga.

Siku hizi geti halifungwi kufuli.