Jina Lililomnyamazisha

"Mtoto alinyamaza lini?" daktari akauliza.

"Jumapili," Filister akajibu. Tangu azaliwe, mwanawe alikuwa akilia, na kwao mtoto wa hivyo huwa anadai jina la marehemu wa ukoo. Mama mkwe alitaja majina mengi bure. Filister ndiye aliyesema, "Osewe." Mtoto akanyamaza, jasho likimtoka usoni. Wapangaji wa ploti nzima pale mtaani Gatina wakashangilia.

"Hakunyamaza, mama," daktari akasema. "Alichoka. Vali ya moyo imebana, damu inapita kwa shida."

Filister akavitazama viganja alivyopigia makofi.

Madaktari wakapenyeza puto dogo moyoni, wakaipanua vali. Kesho yake mtoto akaanza kulia.

Mama mkwe akamwinamia amwite Osewe. Filister akamziba mkwewe mdomo kwa kiganja.

"Wacha alie, mama."