Bangili ya Mama Semeni

Paka akikutwa nje ya ua wake, mashine ya mtaa ilimchoma sindano ya kufa. Kijoti, paka wa Mama Semeni, hakuwa wa kutulia, basi mumewe Sengo, fundi redio, akamtengenezea kola isiyo na waya, na mkewe akamvisha bangili ya kuiongoza. Akizidi hatua ishirini kutoka kwenye bangili ya mkewe, kola ilimtetemesha mpaka arudi.

“Si ungeitundika bangili hii ukutani?” Mama Semeni akauliza.

“Inakula joto la mwili, mama. Ukutani itazima.”

“Basi ivae wewe!”

“Na kazini aende nani?”

Mama Semeni akacheka. “Fundi wewe! Umemfunga paka au mkeo?”

Mashine ilipita mara tisa bila kumpata Kijoti, na kila mara Sengo alishusha pumzi. Paka yu hai, amenenepa. Mama Semeni amekosa harusi mbili, arobaini ya shangazi yake na mazishi ya dada yake.