Feni na Baraka ya Papa

“Mama, punguza makelele ya ile mashine. Niko nachoka,” papa alimnong'oneza bintiye Gertrude, aliyezoea kumwita Mama, kutoka kitandani mwake.

Gertrude alipunguza kasi ya feni ya kompyuta, na sauti dhaifu ya papa ikaanza kurekodiwa. Baraka ya mzazi anayekufa hutolewa mara moja tu, kuanzia kifungua mimba, na ndugu zake wote walikuwa mbali na Kisangani.

Yeye ndiye kitinda mimba.

Kwa kukosa upepo wa feni, sanduku la kompyuta lilizidi kumchoma kiganja. Likijizima, baraka za wote zitapotea. “Yesu, lishikilie kidogo,” aliomba.

Papa alimaliza kuwabariki wakubwa, akamgeukia. Harufu ya plastiki inayoungua ikapanda.

Gertrude alifungulia feni hadi mwisho. Ikanguruma, ikaimeza sauti ya papa, naye akaiona midomo yake tu ikitamka jina la Gertrude.