Kidude cha Kisimani

Profesa Raziki alipofika kisimani alikuta kifaa chake kimeshatolewa majini. Bi Mwanahija alikuwa amekishika mkononi, kamba yake bado inachuruzika, na wanawake wenzake wamesimama nyuma yake na ndoo tupu.

"Tangu ulipotumbukiza kidude hiki, maji yanazidi kwenda chini," alisema Bi Mwanahija. "Kinayanywa?"

"Hakinywi, mama. Kinapima tu kina cha maji."

"Na ukishajua, unamwambia nani?"

Profesa alitaka kucheka, kisha akaacha. Swali hilo hakuwahi kuulizwa, hata siku alipopewa uprofesa kwa utafiti wake wa maji yaliyo chini ya mji huu. Ramani aliyoichora ilisifiwa sana. Baadaye kampuni ya maua ilichimba visima virefu kule kilimani, na asubuhi hii, alipovipita, aliona kila kimoja kimechimbwa pale pale alipotia alama kwenye ramani hiyo.

"Nawaandikia wasomi wenzangu," alijibu.

"Na wao wanamwambia nani?"

Profesa alinyosha mkono apewe kifaa chake. Bi Mwanahija hakumpa. Alimtazama usoni kama mtu anayenusa maziwa asiyoyaamini.

"Mwanangu, nimekuuliza."

Mkono wa Profesa ulishuka taratibu.

"Wekeni ndoo chini," alisema, "niwaeleze."

Kule kilimani mabomba yakaanza kurusha maji juu ya maua, na wanawake wote wakageuka kuyatazama kabla hajasema neno.