Karatasi ya Wale Wengine

"Kumbe bado hujafa, wewe?" karani wa kura alimtania Emil, mwenzake wa miaka mingi kazini kwenye tanuri la kuyeyushia chuma, huku akimsogezea karatasi ya kura ya chama cha Democrat bila hata kumuuliza.

Emil hakuipokea. Kwenye kura za mchujo za jimbo la Ohio, Marekani, karatasi unayoiomba ndiyo chama chako, na unaiomba kwa mdomo, ukumbi mzima wa kanisa ukisikia.

"Nipe ya Republican."

"Acha mzaha, ndugu yangu. Watu wanasubiri."

"Sitanii."

Karani akashusha sauti. "Wamekupa nini hao?"

Emil aliutazama mkono wa rafiki yake, ulioungua kwa chuma cha moto hata ngozi ikajikunja mpaka vidoleni. Yeye ndiye aliyeufunga siku ile, kwa shati lake mwenyewe. Amwambie nini? Kwamba tangu amzike mkewe, waliobisha hodi kwake ni wale wengine tu, wakaketi, wakanywa supu yake ya kabichi mpaka ikaisha?

"Walikuja kunitazama," alisema.

Karani akampa karatasi aliyoitaka, macho yakiwa mlangoni.

"Anayefuata!" akaita, na Emil bado amesimama mbele yake.